Itikadi Isiyoulizwa na Hoja Iliyopotoka: Fundisho la Vita vya Majimaji kwa Watumishi wa Neno

Utangulizi

Katika makala hii twakusudia kueleza jambo ambalo kila mchungaji hukutana nalo, iwe katika baraza la wazee, katika ushauri wa kichungaji, au katika mazungumzo ya siasa baada ya ibada. Jambo lenyewe ni hili: rai ambayo mwenye nayo hakubali kuiuliza huipotosha akili yake, hata akiwa mtu mwerevu na mwenye nia njema. Huanza kwa kuchagua ya kusikia, huendelea kwa kuwashuku wanaosema kinyume, na mwisho huwagharimu watu ambao hawakushiriki katika kuijenga.

Ni lazima tuweke mpaka tangu mwanzo. Hatusemi hapa juu ya imani kwa maana ya kumtegemea Mungu katika Kristo. Imani hiyo ndiyo msingi wa huduma yetu. Tunasema juu ya itikadi, yaani maoni ya wanadamu kuhusu mambo ya dunia hii, ambayo yamepewa heshima isiyo haki yao mpaka yakawa hayaguswi. Mara nyingi mambo haya mawili huvaa vazi moja, na hapo ndipo hatari ilipo kwa Kanisa.

Sisi tunaoishi Lizaboni, katika Manispaa ya Songea, hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mji wetu wenyewe unaitwa kwa jina la Nduna Songea Mbano, mmoja wa viongozi wa Wangoni walionyongwa na Wajerumani baada ya vita vya Majimaji. Vita hivyo ni darasa kubwa la somo letu, mradi tuvisome pande zote mbili.

1. Yaliyotokea

Vita vilianza mwezi Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, watu walipong'oa pamba ya kulazimishwa. Sababu zake zilikuwa za kweli na za kushikika: kodi ya nyumba, kazi ya shuruti, viboko, na ukali wa maakida. Juu ya sababu hizo likaja tangazo la Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, kwamba yapo maji ambayo mtu akiyapokea risasi haitamdhuru. Kinjikitile alinyongwa huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini maji yalikuwa yamekwisha kusambaa.

Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge wakapigwa kwa bombomu. Siku chache baadaye, mapema Septemba, Wangoni nao waliingia vitani, baada ya kuletewa maji na Omari Kinjala. Kituo cha misioni cha Wabenediktini huko Peramiho kiliteketezwa. Askofu Cassian Spiss na wenzake walikuwa wameuawa mwezi Agosti wakiwa safarini kutoka pwani. Mwezi Septemba Wabena walikishambulia Yakobi, kituo cha Misioni ya Berlin, yaani nyumba ya Walutheri. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi na wapiganaji wengi wa Kingoni walinyongwa hapa Songea, na kila mwaka tarehe hiyo huadhimishwa kwenye makumbusho ya mashujaa.

Maangamizi makubwa zaidi hayakutoka kwenye bunduki wala kitanzi. Majeshi ya Kijerumani yaliteketeza vijiji, mashamba na maghala, ili njaa imalize kazi. Serikali ya kikoloni ilikadiria vifo kuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamekadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wao walikuwa wanawake, watoto na wazee ambao hawakushika mkuki.

2. Jinsi maji yalivyokingwa yasiulizwe

Msomaji wa leo huuliza kwa haraka: iliwezekanaje watu wazima kuamini kwamba risasi itageuka maji? Swali hili, likiulizwa kwa dharau, halitatufundisha kitu. Wapiganaji wale walikuwa na akili kama sisi. Walikuwa na malalamiko ya haki, na walihitaji kitu cha kuwaunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni na wengineo, ambao hapo kabla hawakuwa na bendera moja. Maji yaliifanya kazi hiyo. Manufaa hayo ya kweli yaliipa itikadi nguvu, na hapa tunapata kanuni ya kwanza: watu hushika itikadi kwa sababu ya kile inachowafanyia, kabla ya kupima kama ni kweli.

Kanuni ya pili imo ndani ya masharti ya maji. Aliyeyapokea alikatazwa kumkaribia mwanamke na kupora mali, pamoja na miiko mingine. Basi mtu alipopigwa risasi akafa, jibu lilikuwa tayari: alivunja mwiko. Tutazame vizuri jibu hilo. Kama mpiganaji akipona, maji ni kweli. Kama akifa, maji ni kweli pia, ila yeye alikosa. Hakuna tukio lolote duniani ambalo lingeweza kuwaambia kwamba wamekosea. Itikadi iliyojengewa ukuta wa namna hii haipimiki tena, na kisichopimika hakiwezi kumwonya mwenye nacho kabla ya janga.

Wako waliolitambua jambo hili katika fasihi yetu. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake Kinjeketile iliyotolewa mwaka 1969, alimwonyesha kiongozi ambaye neno lake limekwisha kumtoka mikononi na kuwa kubwa kuliko yeye. Kila mhubiri afaa kulitafakari hilo, kwa maana tunasema mbele ya watu kila Jumapili.

3. Upande wa pili nao walikuwa na maji yao

Ingekuwa dhuluma kuishia hapo. Gavana Gustav Adolf von Götzen na maofisa wake walikuwa na shule, simu ya maandishi na takwimu, lakini nao walikuwa na itikadi isiyoulizwa: kwamba Mwafrika hawezi kuwa na hoja ya kisiasa. Kwa hiyo walipokabiliwa na uasi mkubwa, walitafuta chanzo chake kwa waganga na njama zao za ushirikina. Ushirikina ulikuwapo, hilo halikanushiki. Hata hivyo ulitumika kama pazia la kufunika kodi, viboko na pamba.

Huko Ujerumani mambo hayakuwa tofauti. Katika Bunge la Berlin na katika magazeti, kila kundi lilisoma vita hivi kwa miwani liliyokuwa nayo kabla ya vita. Wapinzani wa ukoloni waliona unyonyaji. Walowezi waliona ulegevu wa serikali. Baadhi ya wamisionari waliona mkono wa Uislamu. Mwaka 1908, ilipoenea barua iliyosemekana kutoka Maka ikiwaita watu watubu, watawala na wamisionari wengi waliishika hofu ya uasi mpya wa Waislamu. Uasi huo haukutokea.

Wamisionari wenyewe hawakuwa nje ya tatizo. O. B. Mapunda na G. P. Mpangara, waliokusanya habari za vita hivi katika Ungoni na kuzitoa mwaka 1969, wametusaidia kuona uchungu wa watu wa hapa kwa sauti ya wazee wao. Miongoni mwa chuki za Nkosi Mputa Gama ilikuwa kuchomwa kwa nyumba ya mahoka, alimowakumbuka wahenga wake, na aliyeichoma alikuwa padre wa misioni. Padre yule aliona sanamu tu. Hakuona kwamba alikuwa akichoma pia heshima ya mtawala na kumbukumbu ya ukoo mzima. Alipouawa vitani, waliobaki waliweza kusema kwamba Wangoni ni wakatili kwa asili, na kwa kusema hivyo swali la nyumba iliyochomwa likazimwa.

Tunaona basi kwamba kosa la kufikiri lilikuwa moja pande zote mbili, ingawa hatia haikuwa sawa. Mwenye silaha na mamlaka akifunga akili yake, madhara yake ni makubwa zaidi. Itikadi ya wapiganaji iliwapeleka mbele ya bombomu. Itikadi ya watawala iliiruhusu njaa iwe silaha dhidi ya watoto. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapa Songea, akakutana na ukoo wa Mbano, akaomba msamaha. Miaka 117 ilikuwa imepita tangu kunyongwa kwa mashujaa.

4. Njia nne za upotofu

Kutokana na habari hizo twaweza kutaja njia nne ambazo kwazo itikadi iliyoganda hupotosha hoja.

(a) Kuchagua ushahidi. Mtu huhesabu yanayomuunga mkono na kuyasahau yanayompinga, wala hahisi kwamba anafanya hivyo.

(b) Kuweka kinga. Kila tukio la kinyume hupewa maelezo yanayoiokoa itikadi, kama mwiko uliovunjwa ulivyoyaokoa maji.

(c) Kuhamisha hoja kutoka kwenye jambo hadi kwa mtu. Badala ya kuuliza kama neno ni kweli, twauliza limesemwa na nani, wa kabila gani, wa dhehebu gani, wa chama gani.

(d) Kupima kwa mizani mbili. Lile tusilolipenda tunalidai ushahidi mzito. Lile tulipendalo tunaliacha lipite bila kuulizwa.

Tusikilize mazungumzo ya kawaida hapa kwetu, mbolea ya ruzuku inapochelewa msimu wa mahindi. Mmoja atasema serikali imezembea, mwingine atasema mawakala wamehujumu. Mbolea ikifika mapema mwaka unaofuata, yule wa kwanza atasema ni kwa sababu uchaguzi umekaribia, na yule wa pili atasema ni uongozi bora. Tukio limegeuka, lakini hakuna aliyegeuka. Huenda mmoja wao ana haki; lakini kwa namna hiyo ya kujadiliana hawatajua kamwe ni yupi, na mkulima atabaki bila kujua amdai nani.

5. Katika siasa za nchi yetu

Taifa letu limewahi kuonyesha njia mbaya na njia njema pia. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliteua tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kukusanya maoni juu ya mfumo wa chama kimoja au vyama vingi. Wananchi wengi waliotoa maoni, takriban asilimia 80, walitaka chama kimoja kiendelee. Hoja iliyosikika sana ilikuwa kwamba vyama vingi vitaleta vita na ukabila. Tume haikuishia kwenye hesabu ya mikono. Ilizipima hoja zenyewe, ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa.

Jambo la kutazama zaidi ni Mwalimu Julius Nyerere. Yeye ndiye aliyekuwa mtetezi mkuu wa chama kimoja, lakini mwaka 1990 alisema hadharani kwamba jambo hilo lijadiliwe na kwamba kulijadili si dhambi wala uhaini. Hapo awali, mwaka 1977, alikuwa ameandika tathmini ya Azimio la Arusha baada ya miaka kumi, akakiri kwamba nchi bado haijawa ya kijamaa wala ya kujitegemea. Mtu aweza kutokubaliana na siasa zake, lakini hapa alitoa kielelezo: mwenye msimamo anaweza kuweka msimamo wake mezani upimwe.

Miaka ya karibuni imetupa mfano mgumu zaidi. Ugonjwa wa korona ulipofika mwaka 2020, serikali iliacha kutangaza takwimu baada ya mwisho wa Aprili. Mwezi Mei Rais John Magufuli alieleza kwamba sampuli za mbuzi na papai zilipelekwa maabara kwa siri, na baadhi zikatoa jibu la kuwa na maambukizi. Mwezi Juni alitangaza kwamba ugonjwa umeondolewa kwa nguvu za Mungu. Kupima vipimo ni jambo jema. Mwanasayansi yeyote angelikubali. Lakini mizani ilikuwa mbili: vipimo vya maabara viliulizwa kwa ukali, ilhali tangazo kwamba ugonjwa umekwisha halikuwekewa kipimo chochote. Aliyeuliza aliweza kuitwa kibaraka wa mabeberu, na hoja ikahama kutoka kwenye jambo hadi kwa mtu. Baada ya Rais Magufuli kufariki mwezi Machi 2021, serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan iliunda kamati ya wataalamu, na mwezi Julai chanjo ikaanza kutolewa.

Tunalitaja hili kwa sababu linatugusa sisi watumishi moja kwa moja. Taifa kuomba ni haki na ni wajibu. Lakini sala ikigeuzwa kuwa kinga ambayo mtu akipona imefanya kazi, na akifa yeye ndiye aliyepungukiwa na imani, sala hiyo imekwisha kuwa maji ya vita. Tena mzigo wake humwangukia mjane, ambaye juu ya msiba anaambiwa kwamba nyumba yake haikuamini vya kutosha.

6. Maandiko na urithi wetu

Maandiko Matakatifu yanalijua tatizo hili. Rafiki za Ayubu walikuja wakiwa na kanuni moja: mateso ni adhabu ya dhambi. Kwa kuwa Ayubu aliteseka, ilibidi awe mkosaji, na kila alipojitetea utetezi wake ukawa ushahidi zaidi dhidi yake. Walisema mengi yaliyosikika kama teolojia safi, lakini mwishoni Mungu aliwakasirikia wao kwa kutonena yaliyo sawa juu yake (Ayubu 42:7). Katika Yohana 9, wakuu walikataa kumwona mtu aliyeponywa kwa sababu aliponywa siku ya Sabato. Waliposhindwa hoja, walimtukana kwa kuzaliwa kwake wakamtoa nje. Watu wa Yerusalemu walilifanya hekalu la Bwana kuwa hirizi ya kuzuia maadui, na Yeremia akawaambia kwamba maneno hayo hayatawafaa (Yeremia 7).

Tena Yeremia anatufundisha adabu ya mabishano. Hanania alipotabiri kwamba nira ya Babeli itavunjwa ndani ya miaka miwili, Yeremia alijibu kwanza kwa Amina; alitamani iwe hivyo. Kisha akaweka kipimo: nabii wa amani atajulikana neno lake litakapotimia (Yeremia 28:6-9). Alitenganisha analolitamani na lililo kweli. Petro naye, aliyelelewa katika sheria ya vyakula vilivyo najisi, alikubali kufundishwa upya nyumbani kwa Kornelio (Matendo 10). Na watu wa Beroya walisifiwa kwa kuwa walichunguza kila siku, ingawa mhubiri wao alikuwa Paulo mwenyewe (Matendo 17:11).

Katika urithi wetu wa Kilutheri, mara nyingi twamtaja Martin Luther huko Worms mwaka 1521 kuwa kielelezo cha mtu asiyeyumba. Ni kweli, lakini tusisahau sharti aliloliweka: kwamba akishawishika kwa Maandiko au kwa sababu zilizo wazi, atabadilika. Alishika sana, na alisema ni kitu gani kingemwachisha. Hiyo ndiyo tofauti kati ya uthabiti na ukaidi.

Luther huyo huyo anatuonya kwa upande wa pili. Mwaka 1523 aliandika juu ya Wayahudi kwa upole, akitumaini kwamba wataipokea Injili. Walipokosa kuipokea, hakuuliza kama matarajio yake yalikuwa na kasoro. Alihitimisha kwamba kasoro ni wao, na mwaka 1543 akaandika maneno ya chuki ambayo karne ya 20 waovu waliyatumia. Mwaka 1994 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani liliyakataa maandiko hayo hadharani. Hata mwalimu mkubwa wa neema aliweza kufungwa na itikadi yake, sembuse sisi.

7. Wajibu wa watumishi

Tufanye nini? Tunapendekeza mambo manne, yafaayo usharikani na darasani.

Kwanza, kabla ya kutetea neno lolote la kisiasa au la kijamii, tujiulize: ni jambo gani likitokea nitakubali kwamba nimekosea? Tukikosa jibu, tujue kwamba tumeshika maji.

Pili, tujizoeze kueleza hoja ya mpinzani kwa namna ambayo yeye mwenyewe ataikiri kuwa ndiyo yake, ndipo tuijibu. Wanafunzi wa teolojia waanze zoezi hili katika mijadala yao, wakihoji kwa niaba ya upande wasioupenda.

Tatu, tulinde mimbari. Mhubiri ana haki na wajibu wa kukemea dhuluma kwa jina la Mungu. Lakini anapotoa maoni yake kuhusu chama, sera au dawa, aseme kwamba ni maoni yake. Kuyavika joho ni kumnyima Mkristo nafasi ya kuyauliza bila kujiona anamwasi Bwana.

Nne, tuwape heshima wenye mashaka. Katika kila baraza yuko mzee mmoja anayeuliza swali lisilopendeza. Desturi ni kumwona mkorofi. Laiti angalikuwapo mtu wa namna hiyo karibu na padre kabla ya kuchomwa nyumba ya mahoka, naye akasikilizwa!

Hitimisho

Akili ni kipaji cha Mungu, na dhambi imeigusa kama ilivyogusa viungo vingine vyote. Kwa hiyo haitoshi kuwa na nia njema. Akili nayo inahitaji toba. Neema yatuwezesha toba hiyo, kwa maana aliyehesabiwa haki kwa imani halazimiki kuwa na haki katika kila ubishi. Anaweza kushindwa hoja na asipotee. Ulimwengu wetu wa siasa una watu wachache walio huru kwa namna hiyo, na ingefaa watoke kwanza katika nyumba ya Mungu.

Wale waliolala katika kaburi la halaiki hapa Songea walikuwa na haki ya kudai uhuru, na heshima yao haipunguzwi na kukosea kwao juu ya maji. Wajukuu wao tunaweza kuwaheshimu kwa kudai haki ile ile kwa hoja zinazopimika, na kwa kukataa, popote tunapohudumu, kwamba watu wafe kwa ajili ya rai ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuiuliza.